Elida Hakuvuka Ziwa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimefika Ujiji. Shangazi Merina hayupo! Haijapata kutokea. Miaka yote nikija namkuta kasimama kibarazani, mikono kiunoni, tayari kunilaumu kwa kukonda. Leo mlango una kufuli. Jirani yake, Mama Bibiana, akanipa kigoda na maji ya kunywa. Shangazi yako kaenda Kibirizi, akasema, kule wanakotengeneza maboti. Kufanya nini? Muulize mwenyewe — na akageuka kuficha kicheko.

Karudi na bodaboda. Shangazi yangu, mwaka wa sabini huu, juu ya bodaboda! Kanga imejaa unga wa mbao.

"Mbona hukusema unakuja leo?"

Nilisema. Tena nilirudia. Kasahau.

Nimechoka. Kesho kazi.

Jumanne, 10 Juni

Kazi gani! Nimemfuata Elida huku kote na shangazi hatulii.

Niandike nitulize kichwa. Vitabu vyangu vyote vitatu ni vya miji: Kilosa, Kondoa, Mikindani. Watu wanazaliwa, wanazikana, wajukuu wanagombea viwanja, mji unabaki. Ndivyo wasomaji wanavyonijua. "Yule mama wa vitabu vinene," alisema mtu mmoja kwenye maonyesho, nami nikafurahi wiki nzima. Hiki cha nne ni cha kwetu. Nguzo yake ni Elida, bibi yake shangazi, mama yake babu yangu. Aliuza chumvi hapa Ujiji. Akampeleka mwanawe misheni asome. Mume alipohamia Kongo na kumwita, akakataa kuondoka. Nimemsimulia redioni, watu wakanipigia simu wakilia. Yote kanipa shangazi, kwa simu, jioni baada ya jioni.

Nimebakiza sura za mwisho tu. Uzee wake, kifo chake. Mchapishaji anauliza kila siku.

Asubuhi nikamwuliza: Elida alizeekaje?

"Kama wazee wengine," akasema. Akaendelea kupiga pasi blauzi yake ya bluu.

Saa nne akaja mgeni. Mzee Jeremia, fundi wa maboti, mtu wa asili ya Kongo, mpole, mkewe alifariki zamani. Kaleta kidumu cha mawese. Wakakaa kibarazani wakizungumzia ubao mmoja uliopinda. Ubao! Shangazi akacheka mpaka akapaliwa. Mimi ndani, kalamu mkononi, kama abiria aliyeachwa na treni.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimekwenda naye Kibirizi. Ziwa limefungwa kwa uvuvi, kwa hiyo maboti yote yako juu ya mchanga, matumbo wazi, na mafundi wanagonga toka asubuhi. Mzee Jeremia anaziba nyufa kwa pamba na mafuta. Akaacha nyundo, akafuta mikono, akanisalimia kwa Kiswahili chao cha ng'ambo.

"Mama, ulifika muzuri?"

Akaniambia bila kuzunguka. Yeye anazeeka. Watoto wake wote wako Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Anataka kurudi kule. "Lakini si peke yangu," akasema, akamtazama shangazi, na shangazi akatazama majini kama msichana.

Kwenye bajaji tukirudi:

"Ananioa."

"Nani?" Swali la kijinga.

"Padri ameshakubali. Mwezi wa nane tunahamia Kalemie."

Halafu nikauliza — Mungu anisamehe, ndilo lililonitoka — "Na Elida?"

Akageuzia uso barabarani. "Elida yupo. Hana haraka huyo."

Ijumaa, 13 Juni

Baba mdogo Gasper kaja kutoka Mwandiga, kavaa koti. Mdogo wake shangazi, ila tangu baba afariki yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na anajua hivyo. Habari zimemfikia. Hakukaa.

Kwanza, ng'ambo hakuna usalama. Pili, umri. Tatu, kaburi. Nafasi ya dada iko kando ya marehemu kaka, imesafishwa, imezungushiwa mawe. Akifia kule atazikwa na nani? Na watu gani?

"Na watu watakaokuwepo," shangazi akasema. Anachambua mchele, hainui kichwa.

Baba mdogo akafika kwenye la nne. Elida. Nilimtumia sura zangu wakati wa Pasaka. Kazisoma zote, nyingine anazo kichwani. Akasimama katikati ya sebule: "Elida aliitwa na mume wake wa ndoa, akakataa! Akasema, maji haya nimeyakuta hapa, na yataniacha hapa. Mjukuu wa mwanamke huyo ndiye anataka kukimbilia ng'ambo?"

Nilisisimka. Ni sentensi yangu, imetoka vizuri kinywani mwake. Nikamtazama shangazi, nikitegemea ajivune kidogo na yeye.

Kaacha ungo chini, katoka nje.

Kikao cha ukoo ni Jumapili baada ya misa.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike tu.

Asubuhi nilimkuta uani anafua. Mama Bibiana akapitisha salamu yake ya "Mwakeye!" juu ya ua, tukaitikia, akaenda zake sokoni. Nikaanza: shangazi, kabla hujaondoka, nipe hata siku mbili za uzee wa Elida.

Akakamua shuka. Akaitundika. Akasema akiwa nyuma yake, simwoni:

"Elida hakuwepo."

Hakuwepo wapi?

"Hakuwepo duniani, mwanangu. Nilimtunga."

Nikacheka. Hakucheka.

Baba yetu alilelewa na misheni, akasema. Hakumtaja mama yake hata siku moja. Ukimwuliza anatoka nje. Mimi nimezeeka bila kujua bibi yangu aliitwa nani. Gasper ndiyo kabisa. Kila alichonisikia nikisema kuhusu Elida alikipokea, maana mimi ni mkubwa wake, akadhani nilimwona.

Kwa nini, shangazi? Nadhani nilipiga kelele.

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Unakumbuka ulivyonipigia mara ya kwanza? Ukaniuliza bibi alikuwaje. Nikakwambia sijui. Ukasema haya, shangazi, asante, ngoja nimtafute mtu mwingine. Ukakata. Hukuniuliza hata nimekula nini. Nikakaa na simu mkononi. Nyumba kimya. Juma lililofuata nikakupigia mimi, nikasema, mwanangu, nimekumbuka kitu."

Na nilipiga tena kesho yake. Na kesho kutwa. Nakumbuka. Nilikuwa na furaha mno.

"Ulikuwa unapiga kila jioni," akasema. "Nilikuwa nashinda mchana nikiwaza Elida atafanya nini leo, ili usichoke. Kuna mahali alinishinda, nikalia kweli. Alipompeleka mtoto misheni."

Hapo ndipo na wasomaji wangu watalia. Hapo hapo.

Nikachukua upande wa pili wa shuka nyingine tukakamua pamoja. Kisha akasema, polepole, kwamba tangu Jeremia aanze kuja hana tena hamu ya kutunga. "Anakuja kila siku. Haulizi ya zamani. Anauliza nimelalaje."

Jumapili, 15 Juni

Naandika chumbani. Wako sebuleni, wananisubiri.

Baba mdogo na wazee wawili wa ukoo. Mzee Jeremia yuko kwa Mama Bibiana, kavaa shati jeupe, maana mposaji haingii kikaoni. Baba mdogo alifungua kwa sala. Kisha akatoa simu, akavaa miwani, akasoma. Ukurasa wangu! Mume ng'ambo anaita, Elida anakataa. Anasoma vizuri kuliko mimi. Mzee mmoja akafuta macho.

"Sina zaidi," akasema. "Mwenye historia ya nyumba hii ni Winfrida. Yeye atuambie. Katika ukoo wetu yuko mwanamke aliyewahi kuhamia ng'ambo?"

Wote wakanigeukia. Shangazi akatazama mikono yake.

Nikasema ngoja nikalete karatasi zangu. Karatasi gani! Nimekaa kitandani.

Niseme Elida hakuwepo? Baba mdogo ana mjukuu aliyembatiza jina hilo. Kitabu changu basi tena. Na shangazi atakuwa mwongo mbele ya wazee — nani atamsikiliza mwongo kuhusu ndoa yake? Nikinyamaza, anabaki hapa, kando ya kaburi lake lililosafishwa, na mimi narudi Dar, na simu —

Ameingia. Ana sahani ya karanga, kisingizio tu.

"Usijiharibie," ananong'ona. "Mimi wataniona mbishi, basi. Elida mwache. Ni mtu mzuri."

Namwambia: Shangazi, uzee wake sijauandika. Hizo sura bado hazipo. Baba mdogo hajazisoma.

Ananitazama. Ameelewa. Ameweka sahani juu ya mto. Amekaa kando yangu, magoti yanagusana. Jioni zote zile za simu, sikuwahi kuuona uso wake akisimulia. Anafumba macho kwanza. Sikujua.

"Alikuwa ameshazeeka," anasema. "Chumvi haiuzi tena. Siku moja akafagia nyumba, akafunga mlango, ufunguo akampa jirani."

Naandika anavyosema. Nimezoea.

"Kaka yake akamkimbilia mpaka majini, akamshika kanga. Akamwambia, Elida, si ulisema hutavuka? Mji mzima ulikusikia."

Baba mdogo anaita. Nakuja, baba!

Naye akamjibu nini, shangazi?

Bado amefumba macho. Midomo inatikisika, anatafuta. Sebuleni mtu amevuta kiti. Akamjibu nini?