Kobe Saba wa Mkomaindo

Mwanangu Hilda,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu nina neno nililolikalia miaka mingi na sitaki kulichelewesha tena.

Unamkumbuka yule afisa wanyamapori aliyeleta kobe saba kwenye kiroba, hapa nyumbani Mkomaindo? Walikamatwa kwa mtu aliyekuwa akiwapeleka kuwauza. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa baiolojia, aliniomba niwatunze hadi kibali cha kuwarudisha porini kitoke. Nikawaweka kwenye banda letu la kuku la zamani, lenye sakafu ya saruji. Nililifagia likang'aa, nikawatilia kabichi na maji kwenye ndoo. Nilijiona nimemaliza kila kitu.

Wiki haijaisha, mmoja akafa. Waliobaki walijifungia. Kobe wetu wa huku gamba lake lina bawaba upande wa nyuma, akiogopa hulishusha kama mfuniko wa sanduku. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulichuchumaa ukawatazama, kisha ukasema, "Baba, hawa hawajalala. Wamekataa kufungua."

Nilikuambia ukasome.

Jumamosi ulikwenda na mama yako kwa bibi, Chiungutwa. Mvua zilikuwa zimeanza. Shambani ulimkuta kobe, ukamfuata siku nzima na daftari la hesabu mkononi. Jumapili jioni ulinisomea ulichoandika. Asubuhi anaota jua. Jua likiwa kali anajifukia chini ya majani makavu ya mkorosho, mgongo tu unaonekana. Amekula bibo la mkorosho lililooza, uyoga na jongoo. Amekunywa kwenye kidimbwi chenye kina cha kidole. Amelala kwenye shimo la kichuguu.

"Bibi anasema shamba likichomwa majani, kobe wanahama," ulisema. "Na sisi tumewafagilia yote, baba."

Niliumia, mwanangu. Shahada yangu ilikuwa imetundikwa ukutani, na wewe hukuwa hata umemaliza darasa la sita. Lakini asubuhi yake nilikuta kobe mwingine amelegea shingo, ndipo nikakupa sururu. Mlibomoa saruji wewe na mama yako. Mlileta udongo na viroba vya majani kutoka Chiungutwa, mkapanga mawe na kipande cha chungu kiwe pango, mkafukia sinia ya maji hadi ukingoni, wasihangaike kupanda. Upande mmoja mliuacha wazi kwa jua, mwingine mkauezeka. Siku ya tatu tulisikia majani yakichakarika. Yule aliyelegea alikuwa anatafuna uyoga.

Wote sita walirudi porini wazima. Siku ya kuwachukua, afisa alinipa mkono. "Mwalimu, hongera. Hili banda ni pori kabisa."

Nikasema ahsante. Ulikuwa umesimama mlangoni. Ulinitazama, kisha ukaingia ndani.

Juzi ulipotuma picha ya vitoto vya kobe vilivyoanguliwa kwenye makazi uliyoyajenga huko kazini kwako, niliipeleka shuleni. Walimu wote waliiona, hata mpishi. Lakini nilipokuwa nikijigamba, niliikumbuka ile ahsante niliyompa afisa. Nikamtafuta afisa, siku hizi amestaafu, analima korosho Lukuledi. Nikamwambia, "Wale kobe sikuwaponya mimi. Ni kazi ya Hilda."

Akacheka taratibu. "Nilijua siku ileile, mwalimu. Binti alikuwa na udongo hadi kwenye viwiko. Wewe ulivaa shati jeupe."

Basi alijua yeye, ulijua wewe, na mama yako alijua. Aliyebaki kusema ni mimi. Nimefundisha watoto wengi sana, Hilda, na somo lililo bora kuliko yote katika kazi yangu nilifundishwa na binti yangu nyuma ya nyumba yangu. Najivunia wewe kupita ninavyoweza kuandika.

Mungu akutunze huko uliko, na mikono yako isikose udongo.

Baba yako,
mwanafunzi wako