Mpe Mama Maji Mbele Yao

Upanga, Dar es Salaam

Mama yangu,

Mugonile, mama. Natumaini baridi ya Kawetele haijakuzidi na magoti bado yanakufikisha mlangoni. Mimi ni mzima. Kazi ni ileile ya kumtunza bibi, mama yake bosi wangu.

Barua hii kaileta Mama Zuhura, mwenye duka pale Tukuyu, aliyekuja huku kununua marobota ya mitumba. Nimemwomba aikabidhi Jumapili baada ya ibada, majirani wakiwa wamekuja kukuamkia, na kaka Ambakisye akusomee kwa sauti kama anavyokusomea zote. Mama Zuhura nimeshamsomea yote. Kwa hiyo kaka, ukiruka mstari atakurudisha.

Kaka aliniandikia kwa furaha kwamba mama sasa halowanishi kitanda, wamepata dawa. Nikamshukuru Mungu, mjinga mimi. Dawa yenyewe nimekuja kuisikia kwa Mama Zuhura. Alipita kukuletea sabuni akakukuta kwenye banda la ndama, juu ya majani makavu ya migomba, umetoa mkono nje unakinga matone ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye bati. Ukalamba kiganja. Ukamwambia, "Usimwambie Ambakisye kama nimekunywa."

Kaka, soma hapo tena, polepole.

Wifi Sekela alimweleza Mama Zuhura bila haya kwamba kikombe kimoja cha maji asubuhi kinamtosha mama, na kwamba anakojoa makusudi ili amtese. Na wewe kaka ukasema kumwosha mama ni mwiko kwa mtoto wa kiume. Sawa, ni mwiko. Kumnyima maji je, ulifundishwa na nani? Ndama wako anakunywa mpaka anaacha mwenyewe.

Bibi wa huku naye mkojo unamtoka. Akikohoa tu, amelowa. Nesi anayekuja kumwangalia ndiye aliyenifundisha. Mtu akinyimwa maji mkojo unakuwa mkali, unamchoma, na haja inamjia kwa haraka zaidi, kwa hiyo mlikuwa mnamzidishia. Anywe mchana kutwa, apunguze tu jioni. Apelekwe chooni akiamka, akishakula na kabla ya kulala, msingoje aombe. Karibu na kitanda awekewe ndoo yenye kifuniko. Chini ya shuka tandikeni nailoni. Avae vitambaa vya kanga kuukuu, vikilowa vibadilishwe, aoshwe kwa maji ya uvuguvugu, akaushwe vizuri, apakwe mafuta. Na hivyo vidonda vya mapajani alivyoviona Mama Zuhura, akavionyeshe hospitali, kesho. Haya yote namfanyia mama wa watu, wala si ndugu yangu, huku mama yangu analala na ndama. Kila nikikamua vitambaa vyake nalia.

Mama, najua sasa hivi umeinamisha kichwa kwa kuwa watu wamesikia. Inua. Aliyekulaza bandani ndiye ainame.

Kaka, mama asipolala ndani leo, nitakuja kumchukua mwenyewe. Na siku ukifa sitakuja kukulilia, wala sitatuma mtu. Watauliza dada yake yuko wapi, na wote waliokaa hapo watajua kwa nini sikuja.

Mnisalimie shangazi wa Lupepo, dada yake marehemu baba, na mama mkubwa wa Matwebe aliyeninyonyesha wewe mama ulipougua. Mama Zuhura mpeni chai, ametoka mbali. Wifi Sekela simsalimii.

Sasa kaka, weka barua magotini. Chota maji, kikombe kikubwa, umpe mama kwa mikono miwili mbele yao wote. Akimaliza muulize kama anataka kingine. Jina langu ulisome kikombe kikiwa kitupu.

Binti yako,
Tupokigwe