Koti Nililoliunguza Mimi

Shoga, nimeumbuka.

Unakumbuka Jumapili nilivyowafundisha kina mama kuhusu shujaa wangu, yule mtawa wa kale aliyeingia uwanjani kuwazuia wapiganaji wasiuane, akauawa yeye?

Leo kazini, chumba cha kufulia, nimeunguza koti la daktari kwa pasi. Msimamizi akamvaa mama tunayepiga pasi naye: "Kizee wewe, huoni?"

Nikanyamaza. Shoga, NIKANYAMAZA!

Na Jumapili huyo mama alikaa mbele kabisa, akinisikiliza huku analia.

Nikamfuata nje. Akasema, "Nilikuona ukiliunguza, mwalimu. Una watoto wadogo, kazi unaihitaji."

Alijua! Akakubali kutukanwa!

Nimeshakiri kwa msimamizi, nimepewa barua ya onyo. Mama bado ananiita mwalimu, na kila akiniita natamani ardhi ipasuke.