Mstari wa Njano Usioisha

Kasokola,
Mpanda, Katavi.
9 Julai 2024.

Mpendwa mwanangu Aurélie,

Amani iwe nyumbani kwako. Mnaendeleaje huko Dar es Salaam? Kifua cha mumeo Salvatori kimetulia? Na Arcade, meno yameota yote? Huku ni kiangazi, asubuhi baridi na mchana vumbi. Mke wangu, Mama Agape, hajambo; mahindi ameshayaingiza ndani, sasa anagombana na panya.

Mimi nipo. Uji unapita, ugali unakataa. Nalala kidogo, nainuka, nakaa, natoka nje, narudi. Hata barua hii naiandika kwa vipande.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu sauti yangu ikikwama unaanza kulia, nami nikisikia unalia nabadilisha maneno. Karatasi haitanikatiza.

Ni juu ya ile treni ndogo ninayokutengenezea, kichwa na behewa moja, kwa bati la madebe na kadibodi, mfano wa ile iliyokuchukua ulipokwenda chuo. Nilikuahidi kwamba nikimaliza mstari wake wa njano nitapanda treni ya kweli nije huko nikapasuliwe uvimbe. Tangu Pasaka mstari haujaisha. Kila ukipiga nakuambia umeharibika tena, mikono inatetemeka.

Mikono yangu haitetemeki, Aurélie. Nimekuwa nikiuharibu mwenyewe.

Ulikuwa ukikaa nami mezani ukiwa mdogo, kwa hiyo kazi hii unaijua. Njano inatangulia, inakauka kabisa. Juu yake unabandika tepu ya karatasi, uliyoikata ukingo upya kwa wembe juu ya kioo, maana ukingo wa dukani una manyoya. Unaukandamiza kwa ukucha mwanzo hadi mwisho. Kisha unapitisha njano nyembamba pembeni mwa tepu, izibe mianya, ndipo bluu ije, nyembamba, mara mbili. Na tepu unaibandua bluu ikiwa bado mbichi kidogo, ukiikunja juu yake yenyewe, polepole. Ukichelewa, rangi inashikana na tepu, inanyofoka nayo, na mstari unakuwa kama meno ya msumeno.

Mimi nilichelewa kwa makusudi. Napaka bluu, nakwenda kulala, tepu naiacha hadi kesho yake. Nikiibandua inang'oka na nusu ya rangi. Nashukuru moyoni, nachukua msasa, naanza upya.

Jirani yangu Simon akipita anachungulia dirishani na kusema treni ya Mwalimu, ndivyo anavyoniita, imekwama stesheni ya Kaliua tangu masika. Mama Agape naye aliniuliza, huo mstari ninaupaka au ninaulea. Nilicheka nao. Kucheka kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Sasa nasema. Daktari wa hapa mjini aliniambia tulipokuwa wawili tu kwamba uvimbe umeshasambaa. Upasuaji wa huko hautaniponya. Pengine utaniongezea muda kidogo, na muda huo mwingi nitaumalizia wodini. Nilimwomba asimwambie mtu. Nyie nikawaambia upasuaji utaniponya, ila nisubirini kidogo. Niliwapa tumaini kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikawa nabandua tepu iliyokauka.

Kwa nini? Nimezunguka na swali hili uani hadi miguu imechoka. Najiambia ilikuwa kuwahurumia. Si kweli yote. Niliona kwamba mkijua mtaanza kunitazama kama maiti, na mimi nilitaka niendelee kugombezwa kwa kumwaga rangi mezani. Nawe ulivyosema umeshaomba likizo ili unipokee stesheni, usingizi ukanikimbia kabisa.

Juzi nilimweleza Mama Agape. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alipuliza maganda, akasema, "Kumbe muda wote huu nimekuwa nikiuombea mstari."

Baadaye aliniletea uji, akaukoroga mwenyewe, akasema niuharakishe kabla haujapoa. Sauti ilikuwa ileile ya siku zote. Nilichokiogopa hakikutokea.

Jana nilipaka bluu asubuhi, upepo wa vumbi haujaanza, na safari hii sikwenda kulala. Nilikaa hapohapo nikigusa rangi ya majaribio kwenye kipande cha bati hadi kidole kikatoka kikavu huku rangi yenyewe ikiwa bado laini. Nikabandua. Mama Agape alisimama nyuma yangu, hakupumua. Mstari umetoka safi, Aurélie, umenyooka kutoka kichwani hadi mwisho wa behewa. Simon aliitwa aje kuona; akasema haya, sasa Mwalimu hana kisingizio.

Sina. Kwa hiyo nakuambia waziwazi: siji Dar es Salaam. Usinitafutie kitanda, usinikatie tiketi. Mama yako, dada yangu, amelala kaburini Katumba, nami sitaki kufia mbali naye. Nataka kuwa hapa, nikiwajua kwa majina wanaonigeuza kitandani. Ukasirike kama utakavyo, una haki, lakini kasirika ukiwa njiani. Likizo yako itumie kuja. Njoo mapema, ukiniita marume, yaani mjomba, niwe bado naweza kuitika.

Msalimie Salvatori, mwambie nimemwachia wewe tangu zamani, sasa akuache uje kwangu kidogo. Mbusu Arcade. Mwambie Aline, jirani yako, kwamba maombi yake tumeyapata. Mama Agape anakusalimu, anasema ukija lete sabuni nzuri, ya hapa inamwasha.

Mungu akulinde ukiwa umelala na ukiwa safarini, na akutangulie hadi mlangoni kwetu.

Ni mimi marume wako, niliyekuficha na bado nakupenda,

Nestori