Kiti cha Jumanne

Noemí, nimetoka kwa yule mwanasaikolojia sasa hivi.

Nilidhani atanipa ushauri. Wapi. Kauliza tu, "Nini kimekuleta?" akanionyesha kiti. Basi nikammwagia habari za Elvira dakika hamsini nzima. Unamjua mama mkwe wangu. Jumapili kaniambia mbele ya nyama choma na ukoo mzima, "Mwanangu hana tatizo. Wewe ndiye wa kutibiwa."

Wa kutibiwa ni mimi. Sawa.

Unajua hawa wanasaikolojia wanavyotusindikiza hadi chini kutufungulia mlango wa jengo. Kafungua, na nani kasimama nje?

Elvira, shoga. Elvira mwenyewe.

Eti, "Napita tu, natafuta duka la vifungo."

Mwanasaikolojia wa watu akamwambia, "Karibu Elvira, leo umewahi."

Leo umewahi. Kumbe ana kawaida ya kuchelewa.

Nikambusu shavuni kwa adabu zote. Kisha nikamgeukia mwanasaikolojia, Elvira anasikia: "Niandikie miadi saa yangu hii hii, kila Jumanne."

Kila wiki atajua nimetangulia kusema. Na kile kiti atakikalia kikiwa bado na joto langu.