Picha Ilipita, Sauti Ikabaki

Shively, Louisville

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Bagula,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, wifi yangu Gentille na watoto. Natumaini theluji ya huko Riverside, Buffalo, imeanza kuwaonea huruma, na mgongo wako unakuacha ufanye kazi. Mimi nipo. Nimerudi warehouse, nafunga maboksi huku nalia, na msimamizi anadhani nina mafua. Mdogo wetu Jolie alishafika Columbus salama. Anasema waumini wa kule Linden walimjia nyumbani kumfariji kwa msiba wa mama yetu, ikabidi alie upya kwa heshima yao.

Nakuandikia kwa sababu kila ukipiga simu unaniuliza jambo lilelile, na kwa simu nitashindwa. Unauliza kama nimepata fundi wa kuunganisha tena ile laptop yenye video ya Maman kwenye televisheni, safari hii na sauti, umsikie.

Laptop yenyewe unaijua, imezeeka pamoja nasi, ni ile tuliyopewa na kanisa tulipofika nchi hii. Spika zake zilishakufa. Tundu lake la picha ni lile pana la buluu, na televisheni uliyomnunulia Maman haina tundu la namna hiyo, ndiyo maana Jolie alileta kiunganishi. Lakini tundu la buluu hupitisha picha tu. Sauti inataka kiwaya chake chembamba, kinachochomekwa pale pa earphone. Jolie alikileta pia. Unakumbuka tulivyokitafuta siku ya matanga, watu wamejaa sebuleni, mpaka Mzee Birindwa wa kwaya akainua kapeti.

Hakikuonekana, tukawasha hivyohivyo. Maman akaijaza televisheni, anaongea bila sauti, na kwaya ikaanza kuimba ili asionekane anaongea bure. Tulimwona pale kitandani akigeukia mlango na kutabasamu. Kisha akavuta miguu polepole kuelekea ukutani. Mzee Birindwa akasema anajiandaa kwa safari. Na wewe, uliyetoka Buffalo barabara zilipofunguliwa tu ukamkuta ameshaenda, ulisimama mbele ya watu ukasema: "Maman aliona malaika. Bon, miye natulia sasa." Ulikuwa hujaonja kitu tangu ufike. Baada ya hapo uliomba chakula, nami nikamshukuru Mungu.

Yaya, kile kiwaya nilikuwa nimekikalia. Nilikuwa kwenye godoro la wafiwa, na nani angethubutu kumwambia binti wa marehemu ainuke wapekue chini yake? Nilishaisikiliza ile video kwa earphone kabla hamjafika. Hakuna malaika.

Siku yake ya mwisho niliweka laptop mezani ikimrekodi, aseme maneno yake kwetu sisi watoto wake. Alianza na wewe, mkubwa, kisha akakatiza akaniuliza: "Bagula ashafika?" Nilijua theluji imekufungia. Lakini alikuwa amekuulizia tangu asubuhi, na kila nikisema bado uso wake ulizidi kuzima. Sikuweza tena. Nikamwambia: "Iko anapaki gari, Maman. Anakuya."

Ndipo akageukia mlango na kutabasamu. Alikungojea hivyo mpaka usingizi ukamchukua, na hakuamka tena.

Niliendelea kuficha sauti kwa sababu nilikuona unapumua kwa mara ya kwanza, nikaogopa kukunyang'anya hiyo pumzi. Na tangu mwanzo niliona aibu watu wasikie nilivyomdanganya mama yangu akiwa anakufa. Yote mawili ni kweli, na yananiuma sawa. Wewe hukukosea kitu. Barabara ilifungwa, na uongo ni wangu.

Jolie atakuja hapa Pasaka, kisha aje kwenu. Nitampa laptop, kiunganishi na kiwaya. Ukitaka kumsikia, chomeka. Ukishindwa, usichomeke, hakuna atakayekulaumu. Ila jambo moja sitaki ungoje mpaka Pasaka kulijua. Pale alipovuta miguu, Mzee Birindwa alikosea. Maman alisema kwa sauti ndogo: "Mumuachie nafasi, akae." Alikuwa anakupisha kitandani, Yaya.

Nisalimie Gentille, na watoto uwakumbatie kwa niaba ya shangazi yao. Kile kitanda bado sijakitandua.

Mdogo wako,
Nzigire