Jicho la Nangila

Jumatatu, 3 Machi 2025

Asubuhi mama mmoja ameingia maabara akiwa amekumbatia mkoba kama mtu aliyebeba mayai. Ametoka Matulo, kule Webuye. Ndani ya mkoba, kopo la plastiki. Ndani ya kopo, jicho la mtoto wake. Nangila, miaka mitano. Wamelitoa huko Bungoma kwa sababu ya uvimbe, na kwa vile hapo hawana mahali pa kupima nyama za mwili, wakamwambia alilete Kitale mwenyewe.

Fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama, ilikuwa kidogo, jicho halijazama vizuri. Nikatafuta kopo kubwa nikamimina nyingine. Mama akanishika mkono.

— Dada, hiyo dawa haitachoma jicho?

Halafu akajifunika mdomo. Ati amesahau. Hasina, mwenzangu wa hapa ndani, akageuka akajifanya anapanga chupa. Nikamwambia halisikii tena, Mama Nangila. Nimekaa nikijiuliza kama hiyo ilikuwa faraja au tusi.

Aliuliza tunatafuta nini. Nikamweleza: nyuma ya jicho kuna neva, kama kamba, inaenda mpaka kwa ubongo. Uvimbe wa aina hii hupenda kupitia hapo. Tutaangalia umefika wapi. Akasema, angalieni pole pole. Akaenda.

Jumatano, 5 Machi

Jicho limeiva — ndivyo tunavyosema nyama ikishika dawa vizuri. Daktari Wachira amelikata. Kwanza ncha ya neva, ikawekwa kwa kaseti yake peke yake, kile kisanduku kidogo cha plastiki, kabla ya kitu kingine kuguswa. Ukifungua jicho mapema, chembe zinatawanyika, na chembe moja ikiangukia neva itakudanganya kwamba ugonjwa umefika huko. Nilikuwa nimeshika kaseti.

Kisha akafungua mpira wenyewe. Ndani kuna kitu cheupe kimeshika ukutani, kama maziwa yaliyogandia ndani ya kibuyu. Mbele, lile duara la kahawia. Miaka yote ya kazi hii sijawahi kutazama rangi. Leo nimetazama.

Mama Nangila alipiga simu mchana. Nyanyake mtoto anasema kiungo cha mtu hakitupwi, kirudi nyumbani kizikwe. Nikamuuliza Daktari. Akasema vinavyobaki huchomwa, najua hivyo. Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akairudisha. "Jerono, acha kwanza tumalize."

Alhamisi, 6 Machi

Usiku mashine imefanya kazi yake: spiriti imenyonya maji, nta ikaingia mahali pake. Stima haikupotea, Mungu ni mwema.

Ile ncha ya neva ni kama punje ya wimbi. Nimeizungushia nta kwenye kalibu, ikaganda, nikaifunga kwa mashine ya kukata. Mkato wa kwanza ukavunjika vumbi vumbi. Nta imepata joto. Nikasimama. Punje kama hiyo ukiichezea inaisha, na ikiisha hakuna nyingine — hata mtoto mwenyewe hana nyingine.

Nikaiweka kwa barafu. Nikabadilisha wembe. Nikanywa maji, nikarudi. Safari hii utepe ukatoka mzima, mwembamba kushinda ganda la kitunguu. Nikaulaza juu ya maji ya moto kidogo, ukajinyoosha wenyewe, nikauokota kwa kioo cha slaidi.

Hasina amefunga Ramadhani na harufu ya zile rangi za kupaka slaidi inamchefua. Nikamwambia akae nje, nitapaka mimi. Akakataa. "Wacha bana. Hii nataka kuifanya mwenyewe." Ana msichana wa umri huo huo.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari ameangalia slaidi kwa muda mrefu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hatusikilizani. Akaniita kwa kidole, akanipisha kiti.

— Mwisho wa neva ni safi.

Nikatoka nje nikasimama kando ya tangi nikalia kidogo. Mtoto nisiyemjua hata sura. Hasina akaja na mwavuli, akasema Alhamdulillahi.

Tukarudi, Daktari akamalizia. Kwenye ukuta wa nyuma wa jicho uvimbe umeshaingia kidogo. Kwa hivyo atahitaji dawa za mshipani, Eldoret, miezi kadhaa. Atapona? Nafasi yake ni nzuri, akasema, lakini wasikae nyumbani wakifikiri imeisha.

Kuhusu jicho — ameandika barua ya kuwapa kilichobaki. "Waambie wasifungue kopo. Wazike hivyo hivyo." Nimempigia mama aje Jumatatu. Sikumwambia mengine kwa simu. Ni ya Daktari kumwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Wamekuja wawili. Sikutarajia mtoto. Rinda la manjano, viatu vya shule, kitambaa cheupe kimefunika upande wa kushoto. Anasalimia kwa mkono, vizuri, kama mtu mkubwa.

Daktari akamwita mama ofisini, akafunga mlango. Nangila nikamkalisha kwenye kiti changu cha kuzunguka. Kopo lilikuwa tayari juu ya meza, nimelifunga kwa karatasi ya kaki na kamba, likae kwa heshima. Akaliangalia. Akaniangalia.

— Ni wewe unaoshanga macho?

Sikuelewa. Nikamuuliza nani amesema.

— Mama. Jicho yangu iliingia uchafu ikaletwa Kitale ioshwe. Tumekuja kuchukua.

Nikamwita Hasina kwa macho tu. Hasina alikuwa amesimama na trei mkononi, hakusogea. Nyuma ya mlango nilisikia sauti ya mama ikiuliza Eldoret ni miezi mingapi.

— Imekauka?

Nikachuchumaa mbele yake tukawa sawa. Nilitaka kusema mama atakueleza. Nilitaka kusema ngoja kidogo. Nikasema, Nangila — tu. Jina peke yake.

Labda alifikiri nimemwambia ajitayarishe. Akainua kile kitambaa mwenyewe, kwa kidole kimoja. Akafumba jicho lake zima. Akaninyooshea uso, akangoja.